Madarasa ya paneli tuliyonunua kwa fedha ya korosho

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya shule shikizi moja, yaani shule ndogo iliyo chini ya shule mama, iliyo pwani ya Lindi, kaskazini ya mji ukishika njia ya Mchinga. Tangu tuweke madarasa ya paneli za bati zenye povu katikati nimeshapigiwa simu na kamati tatu, mbili za Kilwa na moja ya Mtwara vijijini, na wote wanaanza vilevile: "Mama, yale madarasa yenu yanafaa au hayafai?" Kwenye simu salio huisha kabla sijafika kwenye msingi. Ndiyo maana nimekaa niandike yote, na hesabu yake, na pale tulipokosea. Risiti zote ninazo mimi, na saini iliyo chini ya mkataba ni yangu na ya mwenyekiti.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipita pwani yetu. Mvua tumeizoea, lakini upepo ule ulikuwa mwingine. Uliezua paa la jengo letu la vyumba viwili upande wa bahari, mvua ikanyesha ndani siku mbili, na ukuta wa katikati ukapasuka ufa ambao mtoto angeweza kupitisha mkono. Barabara ya Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa, mabati yakaadimika, na kila mwenye nyumba iliyoezuliwa alikuwa anatafuta mabati hayohayo. Mhandisi wa halmashauri alipofika aliupiga ukuta kwa kiganja, vumbi likamwagika, akasema watoto wasiingie tena humo.

Tulikuwa na watoto 214, awali mpaka darasa la tatu. Kiwango kinachotakiwa ni watoto 45 kwa chumba, kwa hiyo hata kabla ya upepo tulikuwa tumebanana. Sasa awali wakakaa chini ya mwembe, darasa la kwanza kwenye baraza la msikiti, la pili na la tatu wakapokezana kwa zamu kwenye ofisi ya kijiji. Siku ya mvua hakukuwa na shule. Siku ya kikao cha kijiji hakukuwa na shule. Binti yangu wa mwisho alikuwa darasa la pili. Mwezi wa Machi alikuwa ananisomea maandishi ya kwenye mfuko wa unga, na mwezi wa Novemba nikampa mfuko uleule akaanza kubahatisha. Usiku ule sikulala. Naeleza hili ili anayesoma ajue kwamba hatukukimbilia paneli kwa kupenda vitu vipya. Tulikuwa na haraka, na haraka yenyewe ilikuwa ya kweli.

Fedha ilipatikana msimu wa korosho. Oktoba 2024 minada ya kwanza kusini ilifunguliwa kwa bei iliyovuka shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakawa na moyo mkunjufu, na mkutano mkuu wa kijiji ukakubali kila kilo ichangie shilingi 50 kwa ajili ya shule. Tukapata milioni 13. Watoto wetu walioko Dar es Salaam wakachanga kwenye kundi lao la simu milioni 9.4. Mfadhili mmoja, mzaliwa wa hapa, akatoa milioni 12. Jumla milioni 34.4. Sijawahi kushika fedha ya watu wengi kiasi kile, na nilikuwa naiogopa.

Tulikuwa na njia tatu mezani. Ya kwanza ni tofali na saruji kama kawaida. Ya pili ni makontena. Kuna mtu alikuwa anauza makontena yaliyotumika, bandari ya Mtwara ikiwa karibu. Ya tatu ni paneli za kuunganisha, zile za bati mbili zenye povu jeupe katikati, zinazoletwa zimekatwa tayari na kufungwa kwa bolti.

Kontena tuliliacha mapema, na hapo sijuti. Fundi wetu wa kijijini, ambaye ndiye aliyejenga nusu ya nyumba za hapa, alichukua kamba akaipima ardhini: kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12 hivi, lakini upana wa ndani ni mita 2.35 tu. Akaweka madawati mawili ndani ya ile kamba, akamwambia mwalimu apite katikati. Mwalimu alipita kwa ubavu. Unaweza kukata ubavu wa makontena mawili ukayaunga, lakini ule ubavu ndio unaobeba paa, ukishaukata lazima uchomelee nguzo za chuma, na hapo bei inaruka. Kisha ni chuma kitupu, juani. Kwa stoo au duka, sawa. Kwa watoto 50 wa Lindi mwezi wa Desemba, hapana.

Tofali tuliziacha kwa sababu ambayo leo naiona haikuwa na nguvu. Tulisema zitachelewa. Wakati huohuo sote tulikuwa tumeshuhudia mwaka 2021, serikali ilipojenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za UVIKO-19, kila chumba kimepangiwa milioni 20, na vyumba vikasimama ndani ya miezi michache kwa kutumia mafundi wa hukuhuku. Tena sisi wa kusini tuna kiwanda cha saruji Mtwara tangu 2015, saruji haitoki mbali. Hayo yote tuliyajua. Lakini muuzaji wa paneli alikuja na picha nzuri kwenye simu, na neno moja lililotushika: siku kumi. "Mkilipa leo, baada ya siku kumi watoto wako ndani."

Kwenye mkutano alisimama mzee mmoja ambaye ni mjomba wa mama yangu. Kwetu kusini mjomba akizungumza juu ya mtoto, anasikilizwa. Akauliza, "Mwanangu, ukuta huo ukitoboka, nani hapa kijijini ataziba?" Muuzaji akasema hautoboki. Watu wakacheka, kikao kikaendelea. Mimi nilikuwa naandika muhtasari, na nimerudi kuutazama: swali la mzee sikuliandika.

Tulisaini tarehe 11 Desemba 2024. Vyumba viwili, kila kimoja mita 7 kwa 8, kwa shilingi milioni 29. Tukalipa asilimia 70 palepale, yaani milioni 20.3. Hapa ndipo kosa la kwanza, na ni langu. Sikujua kuna kitu kinaitwa kipindi cha matazamio, kwamba unazuia sehemu ya fedha, hata asilimia 10, kwa miezi kadhaa baada ya kazi kuisha, ili kasoro zikitokea aliyejenga arudi. Mhandisi wa halmashauri angeniambia bure kama ningempelekea mkataba kabla ya kusaini. Nilimpelekea baada. Alisoma kimya mpaka ukurasa wa mwisho, akanirudishia, akasema, "Mama, mngekuja wiki iliyopita." Maneno hayo bado nayasikia.

Kosa la pili ni msingi. Milioni 29 haikuwa na msingi ndani yake, wala usafiri. Ilikuwa imeandikwa, tena wazi, "mteja ataandaa eneo lililo tayari." Sisi tulidhani eneo tayari maana yake ni kufyeka. Paneli ni nyepesi, kweli, hazihitaji msingi mzito kama wa tofali, lakini zinataka jamvi la zege lililo sawasawa kabisa, maana mashimo ya bolti yameshatobolewa kiwandani. Jamvi likipanda sentimita mbili upande mmoja, mlango haufungi. Na eneo tulilolichagua, karibu na kisima, mhandisi alilikataa kwa sababu maji ya masika yanapita pale. Tukahamia juu, kwenye kichuguu, ikabidi kusawazisha.

Lori lilifika tarehe 21 Januari 2025, shule zikiwa zimeshafunguliwa. Usafiri peke yake milioni 3.4. Kilomita moja na nusu ya mwisho ni mchanga, lori refu likagoma kuingia, shehena ikashushwa barabarani. Kina mama, vijana, na guta mbili za kukodi, tulibeba paneli zile kutwa nzima. Ni nyepesi lakini ni pana, upepo wa bahari ukizishika zinakuvuta kama tanga. Mbili zilikunjika kona. Nikalipa asilimia 30 iliyobaki siku hiyohiyo, kwa sababu dereva alisema hashushi zilizobaki bila malipo kukamilika. Ndiyo, kabla hata bolti moja haijafungwa.

Hesabu ikabaki hivi: milioni 34.4, toa 29, toa 3.4, mkononi milioni 2. Msingi na jamvi ukagharimu 6,850,000. Paneli zikalala chini ya turubai wiki tano tukitafuta saruji ya mkopo kwenye duka moja la Lindi mjini, ambako mwenye duka alinikopesha kwa jina langu, si la shule. Kila nikipita pale shuleni nikiona turubai na watoto chini ya mwembe, nilikuwa napita upande wa pili wa njia.

Sasa niseme na uzuri wake, kwa sababu upo, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani nawakataza. Jamvi lilipokauka, mafundi wanne wa kampuni walikuja na kusimamisha vyumba viwili kwa siku nane. Siku nane, mimi mwenyewe nimehesabu. Asubuhi ya kwanza hakuna kitu, jioni kuta tatu zimesimama. Hakuna mbao iliyokatwa, hakuna maji yaliyochotwa. Tarehe 17 Machi 2025 watoto wakaingia. Kutoka kusaini mpaka kuingia ni siku 96, na kati ya hizo siku nane tu ndizo zilikuwa za paneli. Zilizobaki ni zetu: fedha, barabara, msingi, vibali. Kwa hiyo ukiambiwa siku kumi, uliza ni siku kumi tangu lini.

Uzuri wa pili hakuna aliyetuambia, tuliugundua mvua ya kwanza. Kwenye darasa la bati tupu mvua ikipiga mwalimu anaweka chaki chini, hasikiki. Chini ya paa la paneli, lile povu linameza kelele. Mvua ya Aprili ilipiga saa nzima na mwalimu wa darasa la tatu aliendelea na somo lake, mimi nimesimama mlangoni nasikia kila neno. Nilitokwa na machozi, sioni haya kusema. Binti yangu alikuwa safu ya pili.

Watoto walirudi. Waliokuwa wamepotea tangu Oktoba, wengine wakiwa wamekwenda kuokota korosho na wazazi, walirudi wenyewe kuona hilo darasa jeupe. Kijijini wakaliita darasa la friji, maana wavuvi walisema ukuta wake ni uleule wa chumba baridi cha samaki. Na kweli ni uleule.

Friji lakini linafaa likiwa na mashine ya baridi. Tuliingia katikati ya Ramadhani. Wiki ya kwanza mwalimu akaanza kuwatoa watoto nje kila ikifika saa sita, akisema wanasinzia. Nikaazima kipimajoto cha jirani anayefuga kuku, kile cha kwenye banda la vifaranga, nikakitundika kwenye kamba katikati ya chumba. Saa saba mchana ndani ilikuwa nyuzi 37. Nikakipeleka chini ya mwembe, baada ya dakika ishirini kikasoma 31. Yaani tulikuwa tumewatoa watoto kwenye baridi tukawaingiza kwenye joto, kwa milioni 29.

Nilidhani paneli ni mbovu. Fundi wetu ndiye aliyenifumbua. Ukuta wenyewe ulikuwa hauna moto ukiugusa kwa ndani. Povu linazuia jua vizuri. Tatizo ni kwamba linazuia pande zote mbili. Mwili wa mtu mzima aliyekaa tu unatoa joto kama la balbu ya wati 100, mtoto pungufu kidogo, na mle ndani kuna watoto zaidi ya mia wamegawanywa vyumba viwili, na madirisha manne madogo ya kusukuma yaliyobuniwa kwa nchi ya baridi au kwa jengo lenye kiyoyozi. Joto la miili linaingia halitoki. Darasa letu la zamani lilikuwa na matundu ya tofali juu ya renta, ile boriti ya zege juu ya madirisha, hewa ikipita mchana kutwa, na hatukuwahi kujua kwamba lile tundu lilikuwa na kazi.

Tukatoboa. Fundi alikata nafasi ndefu juu ya kuta mbili zinazokabiliana, upande wa bahari na upande wa nchi kavu, akaweka fremu ya chuma na wavu. Kisha, baada ya ufuta kuuzwa, likizo ya Juni tukaweka paa la pili la bati jeupe juu ya nguzo, limepanda sentimita 60 juu ya paa la paneli, likatokeza mbele na nyuma kuwa baraza. Shilingi 5,600,000. Kipimajoto kilekile, saa ileile ya mchana, mwezi wa Oktoba: nyuzi 32. Hapo ndipo pakawa darasa. Kama unapanga kununua, weka paa hilo la pili kwenye bajeti tangu siku ya kwanza na mwambie muuzaji madirisha unayataka makubwa, pande zote mbili, kabla paneli hazijakatwa. Kukata baadaye ni kuacha kingo wazi, na kingo wazi kwetu pwani ni kidonda.

Maana kuna chumvi. Shule iko kama mita 600 kutoka baharini. Mwezi wa Agosti, miezi mitano tu, nikaona kila skurubu imeanza kutoa mchirizi mwekundu kwenye ukuta mweupe, kama machozi. Nilipiga simu kwenye kampuni. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu sana. Akaniambia, "Shikamoo mama. Tafadhali soma ukurasa wa nne." Ukurasa wa nne unasema dhamana haihusu kutu itokanayo na hali ya hewa ya baharini. Wameuza jengo Lindi, wamelisimamisha wenyewe karibu na bahari, na bahari haimo kwenye dhamana. Tukanunua skurubu za chuma kisichoshika kutu na rangi ya kinga, 640,000, na fundi akabadilisha moja moja. Skurubu hizo zingewekwa tangu kiwandani tofauti ya bei isingefika hata laki tatu. Ukiandika oda yako, andika kabisa aina ya skurubu na unene wa bati. Kumbuka kwenye bati namba ikiwa kubwa ndiyo nyembamba: geji 30 ni nyepesi kuliko 28.

Upepo hatukuusahau, kwa kuwa ndio uliotuleta huku. Kampuni ilifunga kila chumba kwa bolti nane za milimita 10 zilizotobolewa juu ya jamvi. Mhandisi akakataa kupitisha. Jengo jepesi halishikwi na uzito wake, linashikwa na nanga zake. Akataka bolti za milimita 16 zilizozamishwa kwenye zege, na mikanda ya chuma kutoka paa hadi chini kwenye kona. Shilingi 780,000. Nilinung'unika siku ile, sasa nikisikia kusi linavuma usiku nageuka upande wa pili nalala.

La moto ndilo linalonitia hofu mpaka leo. Kulikuwa na kipande cha paneli kilichobaki kwenye kukata madirisha. Fundi alichukua kibiriti akakichoma pembeni, mbali na majengo, kamati yote tukiangalia. Povu halikuwaka kama kuni. Liliyeyuka, likadondoka matone yenye moto, na moshi mweusi ukapanda mzito kiasi kwamba tulirudi nyuma sote. Ilichukua muda mfupi kuliko ninaotumia kuandika hapa. Kila chumba kilikuwa na mlango mmoja, unaofungukia ndani. Hatukusubiri fedha, mlango wa pili ukakatwa kwa kila chumba, yote ifungukie nje, na jiko la uji tukalihamisha mbali. Kuna paneli zenye sufi ya mawe badala ya povu, haziwaki. Ni nzito na bei iko juu. Kama ningerudi nyuma, kwa chumba cha watoto wa awali ningenunua hizo hata kama ningepata chumba kimoja badala ya viwili.

Mengine nayapitia haraka. Huwezi kupigilia msumari, chati za watoto hukaa kwenye kamba. Ubao wa saruji uliopakwa rangi nyeusi hauwezekani, lazima ubao wa kutundika. Umeme na feni nne vilitugharimu 1,120,000 na nyaya zipite nje ya ukuta ndani ya mabomba, zisipite kwenye povu. Kati ya chumba na chumba sauti inapenya, darasa la pili wanajibu maswali ya la tatu.

Halafu Oktoba, mwalimu wa awali akaniita. Chini ya dirisha kulikuwa na unga mweupe, kama chenga za chumvi. Kila akifagia, kesho upo tena. Fundi akapiga ukuta kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo, ngo, mpaka akafika mahali paliposikika tupu. Akafungua kifuniko cha kingo, na ndani ya povu kulikuwa na njia za mchwa, zimepindapinda, zinapanda kutoka kwenye kichuguu tulichosawazisha bila kutia dawa. Mchwa hawali povu, wanalitoboa kupata makazi. Muuzaji alikuwa ametuambia bati haliliwi na mchwa, na hilo ni kweli.

Pale ndipo swali la mzee liliporudi. Nani ataziba? Tuliwapigia kampuni, wakasema paneli moja mpya ipo, lakini kuileta moja peke yake Lindi gharama yake ni karibu robo ya lori. Tofali likioza, fundi anachukua shilingi elfu chache, anachanganya saruji, kabla ya adhana ya alasiri ukuta umezibwa. Kwa paneli, fundi yuleyule mwenye mikono ya dhahabu alikuwa amesimama na patasi hajui aanzie wapi. Alijifunza mwenyewe: alikwangua, akatia dawa, akajaza povu la kopo, akafunika kwa kipande cha bati na silikoni. Kinashika mpaka leo. Lakini alijifunzia kwenye darasa letu, na ingeharibika tungekuwa hatuna kwa kukimbilia. Kamati iliyonipigia kutoka Mtwara niliwashauri hivi: wale mafundi wanne wakija kufunga, fundi wenu awe wa tano, alipwe, aandike. Liwekeni kwenye mkataba. Na nunueni paneli tatu za ziada palepale, zije na lori lilelile.

Hesabu ya mwisho, nimeijumlisha mara nne: paneli 29,000,000, usafiri 3,400,000, msingi 6,850,000, umeme 1,120,000, paa la pili 5,600,000, nanga 780,000, skurubu na rangi 640,000. Jumla 47,390,000. Kila chumba 23,695,000, na hapo milango ya ziada fundi alisamehe ufundi na vyuma vilitoka kwenye jengo la zamani. Yaani tumeipita ile milioni 20 ya chumba cha tofali cha mwaka 2021. Bei imepanda tangu wakati ule, najua, lakini paneli hazikuwa rahisi.

Na kuna hesabu nyingine haimo kwenye risiti. Tukijenga kwa tofali, kina mama wanachota maji, vijana wanasomba mchanga na kokoto, mama lishe anapika, fundi analipwa na fedha yake inarudi dukani kwangu na kwa jirani. Nguvu ya watu inapunguza gharama, na mtu aliyesomba mchanga hakubali mtoto achore ukuta. Kwa paneli, milioni 29 iliondoka kijijini kwa siku mbili za benki. Watu walibaki watazamaji. Nilipokwenda kuomba mchango wa pili, mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Binti yangu, hilo darasa ni la kwenu kamati." Sikuwa na jibu.

Je, ningenunua tena? Kwa ile hali, watoto 214 nje na masika yanakuja, ningenunua chumba kimoja, cha kuokoa, na fedha iliyobaki ningeanza nayo msingi wa tofali wiki ileile. Kijana wetu mmoja aliyeko Dar alinitumia habari kwamba Uingereza mwaka 1947, walipopandisha umri wa kuacha shule hadi miaka 15, walijaza viwanja vya shule mabanda ya zege ya kuunganisha. Yaliitwa ya muda, na mengine yalitumika miongo mingi. Nikaisoma kwenye kikao. Tukaandika kwenye muhtasari, safari hii niliandika kila neno, kwamba vyumba vya paneli havitakuwa madarasa ya kudumu baada ya Desemba 2027.

Korosho za msimu uliopita zimetupa msingi wa vyumba viwili vya tofali. Mhandisi ameshaupitisha, na udongo umetiwa dawa ya mchwa kabla ya jamvi. Vikikamilika, chumba kimoja cha paneli kitabaki hapohapo kuwa maktaba na ofisi ya walimu, watu wachache, joto kidogo. Kingine kitafunguliwa na kupelekwa kitongoji cha pili, kilomita nne, ambako watoto wa awali wanavuka kijito kuja kwetu. Uwezo huo wa kuhama tofali halina. Fundi ameshaanza maandalizi: kila paneli ameiandikia namba kwa rangi nyekundu kwenye kona ya chini, na kwenye daftari langu la hesabu, kurasa za nyuma, amechora ni namba ipi inakaa karibu na ipi, na bolti za kila moja ni ngapi.